Kaye ya Bruyo

Miaka ya sabini, mtoto wa shule wa Mutshatsha alikuwa na kaye mbili za kuandikia siku zake, na iliyohesabika ilikuwa moja. Kaye ya bruyo ilikuwa ya nyumbani: karatasi zilizosalia katika kaye za miaka iliyopita, mama amezishona pamoja kwa uzi mweusi. Humo uliandika haraka haraka, ukakata maneno, ukafanya hesabu, ukachora mbuzi pembeni. Kaye yangu ilikuwa na karatasi za yaya, ndugu yangu mkubwa, za kabla ya 1972, na juu yake lilikuwamo bado jina lake la ubatizo, lile ambalo serikali ilitukataza kulitumia. Kaye safi ilikuwa ya shule. Ilivishwa karatasi ya mfuko wa saruji, mbele jina lako jipya, nyuma jedwali la kuzidisha. Jioni uliandika siku yako katika bruyo, kwa Kiswahili cha kwetu kilichochanganyika na lolote lililokuja. Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda salongo, kazi ya lazima ya pamoja, uliketi ukaihamisha siku hiyo katika kaye safi, kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kubana pumzi, herufi zote zikiinamia upande mmoja. Mwalimu alisahihisha kaye safi. Bruyo hakuwahi kuiomba.

Nia yake ilikuwa njema, na hakutuficha. Tulikuwa mwaka wa sita, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa unakuja, na insha zetu zilikuwa za aibu. "Mtu akiandika kila siku," alisema, "hata akiwa mjinga, kuna siku ataandika vizuri." Akatuwekea sharti la mistari kumi kwa siku, isipungue.

Mistari kumi si kitu kwa mtu mwenye la kusema. Sisi ilitutoa jasho, mpaka tulipogundua ujanja wa kuijaza. Leo niliamka saa kumi na mbili. Nilinawa uso. Nilikunywa chai pamoja na kaka yangu, dada yangu na mdogo wangu. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Hapo umekwisha kupata nusu ya kazi. Katika kaye za darasa letu hali ya hewa ya Mutshatsha ilikuwa nzuri hata Januari, wakati wa mvua za kung'oa mabati, kwa sababu sentensi ya Kifaransa ya mvua ilikuwa na kitenzi kilichotushinda kukiandika.

Aliyenifundisha kuandika alikuwa mtu mwingine: shefu wa gare, mkuu wa stesheni yetu.

Mji wetu ni mtoto wa reli. Njia ya kutoka Tenke kupitia Kolwezi hadi Dilolo ilikamilika 1931, ikaungana na reli ya Benguela ili shaba ya Katanga ifike bandari ya Lobito bila kuzungushwa kusini. Mutshatsha, zaidi ya kilomita 100 magharibi ya Kolwezi, ikawa mahali pa treni kusimama. Wazee waliendelea kuiita kampuni ya reli BCK. Baba yangu, ambaye alikuwa katika kikosi cha kutengeneza njia, aliandikwa kazi na KDL, na tangu 1974 mshahara wake ulitoka SNCZ. Majina matatu, nyundo ileile.

Nilipoanza kushika biki kwa mkono wa kujiamini, mji ulikuwa umekwisha kupungukiwa. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, treni za kwenda baharini zikakoma. Zikabaki za kwenda Kasaji na Dilolo, nazo zikija siku zilipopenda. Shefu wa gare, mzee mfupi aliyevaa koti hata kwenye joto la Oktoba, akabaki na muda mwingi na rejista yake. Mama yangu alimpikia chakula cha mchana kwa malipo ya mwezi, nami ndiye niliyempelekea: bukari, sombe, siku ya bahati samaki mkavu. Alipokuwa anakula aliniachia rejista niitazame, mradi mikono yangu iwe imekauka.

Ilikuwa na jalada gumu, na safu zake zilikuwa zimepigwa kwa rula: tarehe, namba ya treni, saa ya kufika, saa ya kuondoka, mabehewa yenye mzigo, mabehewa matupu. Safu ya mwisho, pana kuliko zote, ilikuwa ya maelezo. Nakumbuka mwenendo wa sentensi zake kuliko sentensi zenyewe. Treni imechelewa, mbuzi juu ya njia, mwenyewe hajulikani. Behewa la tatu, gurudumu limepata moto, limeachwa hapa. Mvua kubwa, daraja limekaguliwa kwa miguu. Mwanamke amejifungua behewani, mtoto msichana, treni imesubiri. Baada ya hapo saa ya kuondoka, sahihi yake, na mstari mwingine wa siku nyingine. Mwanamke yule alikuwa amepewa mstari mmoja, nami nilirudi nyumbani na bakuli tupu nikimuwaza njia nzima. Alikuwa anakwenda wapi? Nani alimshika? Walimwita nani yule mtoto?

Kesho yake nilimwuliza mzee kwa nini hakuandika kwamba watu walifurahi.

"Mwanangu," alisema, "kama nimeandika mtoto amezaliwa na treni imesubiri, furaha utaitia wewe mwenyewe."

Nimesoma vitabu kadhaa vya kufundisha uandishi tangu siku ile, vingine vinene. Sijaona kilichoniambia zaidi ya hapo.

Jioni ileile nilichora safu katika bruyo yangu. Nikaacha kuandika kwamba nimeamka, maana kila mtu anaamka. Nikaandika nani ameshuka kwenye treni na amebeba nini, unga umefika bei gani, jirani amegombana na mkewe kwa neno gani. Nilijifunza kuandika maneno ya watu kama yalivyotoka kinywani, hasa ya nkambo, mama wa baba, ambaye matusi yake yalikuwa na mpangilio kuliko hotuba za chama. Nilijua nimepata kitu siku nilipomsomea mama ukurasa mmoja akacheka kabla sijamaliza. Jumamosi ikifika, hayo yote yalibaki nyuma. Katika kaye safi nilinawa uso, nikanywa chai, na hali ya hewa ikawa nzuri.

Sisemi kwamba kunakili kulikuwa bure. Kulinifundisha kutafuta kitenzi, kusimamisha sentensi mahali pake, kuona kwamba neno moja limejirudia mara tatu katika mistari miwili. Mkono unaonakili unasoma polepole kuliko jicho. Ubaya ulikuwa katika kile kilichoruhusiwa kuvuka kutoka kaye moja kwenda nyingine.

Tarehe 8 Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, wale tuliowaita Watigre, walivuka mpaka kutoka Angola. Wengi wao walikuwa jandarme wa zamani wa Katanga na wana wao. Dilolo ikaanguka, Kisenge ikaanguka, na mwishoni mwa Machi wakaingia Mutshatsha. Kabla hawajafika, gare ilijaa watu waliotaka kwenda Kolwezi: magodoro, kuku, cherehani, mlango wa nyumba ambao mtu mmoja aliung'oa akakataa kuuacha. Shefu wa gare aliondoka na rejista yake kwapani, imefungwa kwa shuka. Familia yetu haikupata treni. Tulikwenda kwa miguu hadi kijiji cha wajomba, na bruyo yangu ilikuwa ndani ya shati.

Huko porini niliandika kuliko nilivyowahi kuandika. Karatasi zilikuwa zinakwisha, kwa hiyo niliandika hadi pambizoni, kisha katikati ya mistari ya zamani. Tulikula kandolo asubuhi na kandolo jioni. Niliandika nani amepita, ametoka wapi, amesema nini, sauti ya bunduki imetoka upande gani na jua lilikuwa wapi, kwa kuwa hatukuwa na saa. Nilifuata sheria ya mzee: hofu sikuiandika, niliandika kwamba nkambo ametuambia tusiwashe moto mchana. Kama nimewahi kuwa mwandishi, nilikuwa mwandishi majuma yale, nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Ufaransa ilileta kwa ndege zake askari 1,500 wa Morocco, katika siku zilezile za Pasaka, kulisaidia jeshi la Zaire. Mwishoni mwa Aprili Mutshatsha ilichukuliwa tena, nasi tukarudi baadaye kidogo. Mji ulikuwa na watu wachache na maswali mengi. Maelfu ya watu wa upande wetu, Walunda hasa, walikuwa wamekimbilia Angola, na waliobaki walitazamana: nani alimpokea nani, nani alimwuzia nani mbuzi, nani alionekana anacheka. Usiku mmoja baba aliichukua bruyo yangu. Hakuwa msomaji mkubwa, lakini tarehe alizitambua, na majina aliyatambua.

"Humu mna watu?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba. Mna watu."

Akaitia kwenye mbabula, ukurasa kwa ukurasa, kwa utaratibu, kama alivyofanya kila kitu. Mama akateleka sufuria juu ya moto huo, na tukala bukari. Sikumlaumu usiku ule, na leo, nikiwa mzee kuliko alivyokuwa yeye, simlaumu hata kidogo.

Shule ilipofunguliwa, tulisikia kwamba inspekta atakuja kukagua kaye. Mwalimu alipita kati ya madawati, akaona pengo katika kila kaye safi, kuanzia Machi. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Kisha akasema kurasa za Machi na Aprili zijazwe kabla ya Jumatatu. Hakuna aliyeuliza zijazwe nini. Hata rafiki yangu mmoja, aliyekuwa na tabia ya kuuliza kila kitu, alifungua kaye yake akaanza kuandika.

Ninayo hiyo kaye. Mama aliihifadhi katika sanduku la bati pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na sasa iko mezani kwangu hapa Kolwezi. Mchwa wamekula pembe moja, na wino mwekundu wa mwalimu umegeuka rangi ya chungwa bovu. Jumapili tarehe 27 Machi 1977, Watigre wakiwa mjini: nimeamka, nimenawa uso, nimemsaidia mama kubeba maji, hali ya hewa nzuri. Jumapili tarehe 10 Aprili, Pasaka: tumekula wali na kuku, tumeimba, wageni wamekuja. Dini ilikuwa imetolewa katika ratiba ya shule miaka hiyo, kwa hiyo sikuandika Pasaka, niliandika "sikukuu" tu. Nilikuja kugundua kwamba darasa zima lilikula kuku siku hiyo. Nilipata alama nane juu ya kumi. Kosa lilikuwa la upatanisho wa kitenzi, na mwalimu ameandika pembeni kwamba nimeendelea vizuri.

Wajukuu wakiiona wanausifu mwandiko, na kweli ni mzuri. Mtu akija kesho kuitafuta Mutshatsha ya masika ile, maandishi yangu yatamwonyesha mvulana aliyeshiba. Mwaka uliofuata vita vilirudi, safari hii Kolwezi kwenyewe, kuanzia tarehe 13 Mei 1978 hadi askari wa miavuli wa Ufaransa walipotua tarehe 19. Juu ya siku zile kuna vitabu na filamu, vingi vikiwa vya watu waliokaa hapa juma moja. Watoto wa Kolwezi nao walikuwa na kaye safi.

Baadaye, nilipopata kusoma, niliona kwamba jambo hili halikuanza na darasa letu. Mto wetu, Lualaba, ukiufuata kaskazini mbali sana unafika Nyangwe, katika Maniema. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa pale, karatasi zimemwishia na wino umemwishia. Akachukua nakala ya zamani ya gazeti la The Standard, akaandika juu ya maandishi yake yaliyochapwa, kwa kukatisha, akitumia rangi ya mmea uitwao zingifure. Katika karatasi hizo aliandika mauaji ya tarehe 15 Julai, wafanyabiashara walipowapiga risasi watu sokoni. Hiyo ilikuwa bruyo, tena ya umaskini kuliko yangu. Baadaye aliyahamishia mambo yale katika kitabu safi, na dunia ikasoma kitabu safi. Wino ulififia hata karatasi za mwanzo zikawa hazisomeki, mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa mianga maalumu na kuzitoa hadharani 2011. Walipolinganisha, waliona kwamba baadhi ya mambo yalibadilika njiani, hasa yaliyowagusa watu wa msafara wake mwenyewe. Niliposoma hayo nilimwona yule mzee wa Kiskoti kama mtoto wa darasa letu, inspekta akiwa njiani.

Kabla yake walipita watu wawili ambao hawatajwi sana: Pedro João Baptista na mwenzake, watumwa wa mfanyabiashara Mreno, walioondoka Cassange huko Angola mwaka 1802 na kufika Tete, Msumbiji, 1811. Walikaa kwa Mwata Yamvo, wakauvuka Lualaba, wakafika kwa Kazembe. Baptista aliweka kumbukumbu ya safari siku kwa siku: tumeondoka wakati gani, tumevuka mto gani, tumempa chifu kitambaa kiasi gani. Wasomi wengine huona maandishi yake makavu. Mimi nilipoyasoma nilimsikia shefu wa gare. Mtu aliyekuwa mali ya mtu mwingine alivuka bara zima na kuandika tu kilichotokea, na ukisoma mto baada ya mto unachoka pamoja naye.

Yupo pia André Yav. Mwaka 1965, Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mtu huyo aliyekuwa boi katika nyumba za Wazungu alitoa maandishi ya historia ya mji kama watumishi wa nyumbani walivyoijua. Jina lake ni la Kilunda, na najivunia hilo bila haki yoyote. Aliandika kwa Kiswahili cha Katanga, tahajia yake inakwenda inavyotaka, maneno yameunganishwa mahali pa kukatwa na kukatwa mahali pa kuunganishwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha 1990 kama yalivyokuwa, na tafsiri pembeni, na leo yanasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Laiti yangepita mikononi mwa mwalimu wangu. Angeyajaza wino mwekundu, Yav angenakili upya, na tungepata kurasa nyingi za hali ya hewa nzuri.

Na V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi 1941 na kufariki Marekani 2025? Yeye alichapisha shajara zake mwenyewe, ile ya Amerika mwaka 1976 na ile ya Berlin miaka thelathini baadaye, kwa Kifaransa. Ndiye msomi mkubwa kuliko wote waliotoka katika ukanda wetu wa shaba. Nikimsoma navua kofia, lakini kila sentensi imepigwa pasi, nami hutafuta mkunjo mmoja nione kama shati limevaliwa.

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu hapa Kolwezi. Kazi zake zinarudi na alama za chini, akaja kuniuliza afanyeje ili aandike vizuri. Nilikuwa na jibu la mwalimu wangu mdomoni tayari. Kabla sijalitoa, nilimwomba anionyeshe anachoandika pale hakuna anayemlazimisha. Akasita. Kisha akafungua simu. Kumbe kila usiku anajiandikia mwenyewe ujumbe kwenye WhatsApp, mwaka wa pili sasa.

Niliazima miwani. Ujumbe mmoja ulisema: "Leo makamyo imefunga barabara tangu asubui. Mama wa mikate anauliza njo nani atamulipa mikate yake, polisi anamwambia anguka kulala." Mwingine ulitaja kijana wa mtaani aliyerudi kutoka machimboni na mfuko mdogo wa mawe, mnunuzi akapima, akasema asilimia ni ndogo, kijana akaomba wapime mara ya pili, na mara ya pili ikatoka ndogo zaidi. Hakuandika kwamba kijana alidhulumiwa. Aliandika tu kwamba alisema asante.

"Hii ndiyo kuandika," nilimwambia.

"Hapana, nkambo. Huku ni kujisemesha tu. Kwa kazi za chuo naandika ya maana."

Nikaomba kuona ya maana. Kurasa tano za Kifaransa juu ya kobalti na maendeleo endelevu. Hakuna mtu hata mmoja ndani yake, hakuna barabara, hakuna mkate. Hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Wazee wenzangu wanapenda kusema kwamba vijana wa leo hawaandiki. Wanaandika kuliko sisi, tena usiku na mchana, na kwa Kiswahili ambacho sisi tulikiacha nje ya mlango wa shule. Wasichokuwa nacho ni Jumamosi: ile saa ya kukaa, kusoma ulichoandika juma zima na kukihamisha kwa mkono. Sisi tulibakiwa na kaye safi bila bruyo. Wao wana bruyo peke yake, na simu ikijaa wanaifuta ili wapate nafasi ya video.

Nimemnunulia kaye ngumu sokoni. Kila Jumamosi anahamisha humo siku mbili tatu za simu yake. Ruhusa ya kusahihisha lugha anayo, tena ninamdai aitumie: sentensi ndefu aikate, neno lililojirudia alitoe, asichanganye wakati uliopita na uliopo kwa uvivu. Siku yenyewe hana ruhusa ya kuisahihisha. Aliyesema asante abaki amesema asante. Bei ibaki bei. Sheria ya pili ni kwamba maneno "hali ya hewa ilikuwa nzuri" hayaruhusiwi isipokuwa kulikuwa na sababu. Ananiona mzee mwenye mambo, lakini kazi yake ya mwisho ya chuo ilianza na mama wa mikate, na safari hii aliyekuwa anasahihisha aliandika pembeni: endelea.

Treni nazo zimerudi. Mwishoni mwa Desemba 2023 shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula ilifika Lobito kwa reli, kwa majaribio, ikipita kwetu Mutshatsha njiani. Desemba 2024 rais wa Marekani, Joe Biden, alikwenda Lobito mwenyewe kuisifu njia hiyo. Kila anayeizungumzia anataja tani, dola na idadi ya siku zilizookolewa. Hizo ni safu za mwanzo za rejista, na ni za lazima. Safu ya maelezo wataijaza watu wanaokaa kando ya njia, kama watapenda.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu mnaowaambia watoto waandike kila siku. Msiache, ila siku mojamoja ombeni kusoma kile walichoandika kabla ya kukisafisha, na msikitie alama.

La pili ni kwa wenzangu wa Mutshatsha, Kasaji, Malonga na Dilolo, waliobaki na wale waliovuka kwenda Angola na hawakurudi. Kama kuna mtu ambaye baba yake hakuwasha mbabula usiku ule, na ana karatasi za 1977 au 1978 zenye majina, bei na maneno ya watu, azianike zikauke, anakili kila kitu pamoja na makosa yake, aandike tarehe na mahali, kisha azifungie katika bati mchwa wasipofika. Nitakuja kuzisoma popote zilipo, kwa gharama yangu. Kaye safi msinionyeshe. Ninayo ya kwangu.